Hustle: ile kanuni ya "mtu mwaminifu hatapeliki" imenikaa kooni

Mwana Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza kuitazama upya Hustle, tamthilia ya BBC, kuanzia episodi ya kwanza mpaka ya mwisho. Misimu minane, episodi 48. Mara ya kwanza niliiona nikiwa chuo, flashi inazunguka chumba hadi chumba, na kwa kweli niliipenda kupita kiasi. Safari hii nimeitazama nikiwa na familia na mvi mbili tatu, na kuna jambo limenigusa pabaya. Nimeona niandike hapa kwa sababu najua humu kuna walioitazama.

Kwa wasioijua: ilianza BBC One Februari 2004 na kuisha Februari 2012. Aliyeiasisi ni mwandishi Tony Jordan. Ni genge la matapeli watano wa London. Steringi ni Michael Stone, wao wanamwita Mickey Bricks, ameigizwa na Adrian Lester. Huyu ndiye kichwa, hapandishi sauti, hakosi suti. Albert Stroller ni mzee wa Kimarekani mwenye adabu za kizamani, kazi yake kutafuta windo na kulileta mezani. Huyo ni Robert Vaughn, yule yule wa The Magnificent Seven ya 1960. Ash Morgan (Robert Glenister) ni fundi wa kila kitu: vitambulisho, ofisi ya kukodi ionekane imekuwepo miaka kumi, laini za simu. Stacie Monroe (Jaime Murray) anajua hesabu na anajua watu. Danny Blue (Marc Warren) ni kijana wa utapeli wa barabarani anayetaka kucheza ligi kuu. Halafu yupo Eddie mwenye baa, ambaye kila akigeuka kuna kinywaji hakijalipiwa.

Utamu wake nisiwaongopee, bado upo. Katikati ya mazungumzo dunia inaganda, watu wote wanasimama kama picha, na wao peke yao wanatembea katikati ya sanamu wakikueleza mpango. Unajiona umekuwa mmoja wao. Halafu mwisho wa episodi unagundua na wewe ulikuwa unazugwa muda wote, walikuonyesha nusu tu.

Na ufundi wake ni wa kweli. Kuna mchezo wa Ash nilikuwa nimeusahau. Zamani alipasuka fuvu kwenye ugomvi, ufa ukabaki. Basi anachagua gari zuri linalokwenda polepole, anajirusha mbele yake, anaanguka. Akipelekwa hospitali, picha inaonyesha fuvu limepasuka kweli. Nani atabisha? Bima inalipa. Ufa ule ndio mtaji wake.

Au msimu wa nne, 2007, Adrian Lester hayupo, genge linavuka hadi Marekani na kumuuzia tajiri wa Texas yale maandishi makubwa ya HOLLYWOOD pale mlimani Los Angeles. Ukisikia unacheka, lakini mwaka 1925 Victor Lustig aliuza Mnara wa Eiffel kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu mjini Paris. Inasimuliwa kwamba yule mnunuzi aliona aibu kwenda polisi, na kwa sababu ya aibu ile Lustig alirudi Paris kujaribu kuuza mnara ule ule mara ya pili. Hilo la aibu naomba mlishike, nitalirudia.

Sasa kilichonikaa kooni. Genge lina kanuni yake, wanaisema tangu mwanzo: mtu mwaminifu hawezi kutapeliwa. Maana yake wao wanamwinda mwenye tamaa tu. Anayetaka kupata bila jasho, huyo ndiye analiwa, na kajitakia. Chuoni tuliisema kanuni hii kama aya. Ilitupa ruhusa ya kumpenda Mickey bila kujisikia vibaya.

Wakuu, mimi nina shangazi. Muuguzi mstaafu, miaka 34 wodini, zaidi ya nusu yake zamu za usiku. Alipopata kiinua mgongo alitaka kitu kimoja: kiwanja cha kujenga vyumba vitatu, apangishe viwili. Akaja mtu. Msafi, mpole, anamwita "mama" kwa heshima, anajua majina ya watu wa jumuiya yake. Hakumuuzia kitu siku ya kwanza wala ya pili. Alimpeleka kuona eneo, akamwambia la kwanza hili lina mgogoro, achana nalo mama. La pili akasema bei yake kubwa mno. La tatu likawa zuri. Gharama ya kupima akamwambia laki mbili. Shangazi akatoa.

Baada ya siku tatu yule bwana akarudi jioni, kavua viatu mlangoni, kaingia na bahasha. Ndani shilingi elfu arobaini. "Mama, mpima alitupunguzia, hii ni chenji yako."

Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko, na mimi ndiye niliyesema, "Shangazi, siku hizi watu kama hawa wamebaki wangapi?" Wiki iliyofuata alimkabidhi milioni kumi na nane. Kiwanja kilikuwa na mwenyewe, tena mwenye hati, na kabla ya shangazi walishauziwa wengine wawili.

Niambieni tamaa yake ilikuwa wapi. Hakuahidiwa faida ya mwezi. Hakutafuta kiwanja cha bei ya kutupa. Alipigwa pale pale kwenye uaminifu wake, kwa sababu mtu anayerudisha chenji ndiye mtu wa aina yake, naye angeirudisha vile vile.

Na unajua ukoo ulimwambia nini? "Tamaa mbele, mauti nyuma." Wengine wakaongeza, "wajinga ndio waliwao." Kanuni ya Mickey Bricks yenyewe, ila imevaa kanga. Shangazi akanyamaza miaka miwili. Polisi hakwenda. Kama yule mnunuzi wa Paris.

Mnaonaje?

---

Kasuku wa Kisauni

Shikamoo kama umenizidi, maana mvi umezitaja mwenyewe. Pole sana kwa shangazi.

Mimi niko Mombasa na Hustle naipenda, kwa hiyo niruhusu niitetee kidogo. Sisi wenyewe tumelelewa na Abunuwasi. Kaazima sufuria kwa jirani, karudisha na kasufuria kadogo ndani, kasema imezaa. Jirani kachukua zote mbili, kafurahi. Mara ya pili kaazima kubwa, hakurudisha. Jirani alipoidai kaambiwa imekufa. Akalalamika, sufuria hufaje? Akajibiwa, uliamini ilizaa, sasa amini imekufa. Bibi yangu alitusimulia hiyo mara mia na hakuna aliyemhurumia jirani.

Mickey na wenzake ni Abunuwasi wa London. Windo lao ni watu wa aina ya yule jirani: wenye kampuni zinazofukarisha watu, wenye nyumba wanaonyonya wapangaji, mawakili wachafu. Hata Mickey mwenyewe chanzo chake ni baba yake, aliyefanya kazi ya haki maisha yake yote akafa kabla hajakula pensheni. Ile hasira naielewa. Tapeli wa shangazi yako ni mkora tu, hana kanuni. Usiwaweke kapu moja.

---

Mwana Chumbageni

Marahaba, kama kweli nimekuzidi. Asante kwa Abunuwasi, umenisaidia kuliona jambo vizuri kuliko nilivyoliandika.

Tazama alichokubali jirani. Alikubali sufuria imezaa. Alijua fika ni uongo, akaukubali kwa sababu una faida. Pale mimi niko upande wa Abunuwasi, sina neno.

Shangazi alikubali nini? Chenji. Chenji ni kitu cha kweli, hutokea kila siku kwa watu waungwana. Mbinu ni ile ile, rudisha kidogo ili uchukue kikubwa, na kwenye Hustle utaiona tena na tena: windo linaachiwa lishinde kidogo kwanza, lishike hela mkononi, ndipo linaletewa shimo lenyewe. Lakini yule wa sufuria alinaswa kwa ubaya wake na huyu kwa wema wake. Tapeli wa kweli hachagui. Anatumia kilichopo ndani ya mtu.

Hapo ndipo ninapoilaumu tamthilia. Inakuonyesha sufuria mara 48 na chenji haikuonyeshi.

---

Kitenge Kimoja

Nimesoma nikatulia. Mimi nakumbuka pata potea. Karata tatu juu ya boksi, mmoja anazizungusha, mwingine anajifanya mteja anashinda elfu kumi mbele ya macho yako. Huo ndio mchezo wa kwanza wa vijana kama Danny Blue kule kwao, sawasawa na Kariakoo. Niliacha nauli ya kwenda Morogoro pale nikiwa na miaka kumi na tisa. Hiyo nakiri ilikuwa tamaa. Kwa hiyo kanuni ya Mickey ina ukweli fulani, ila si wote wanaoliwa wamesimama mbele ya boksi.

---

Mama Rehema UK

Habari zenu ndugu zangu. Niko Birmingham mwaka wa kumi na moja, natunza wazee majumbani. Nianze na dogo: Hustle inasema London lakini misimu ya mwisho waliipiga zaidi huku Birmingham. Ukiikaa miji hii utaona mitaa unaijua.

Sasa la maana. Nilikuwa namtunza bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, akili kali kama wembe. Alipigiwa simu ya mezani na mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa polisi. Sauti nzuri, ya upole, anaongea taratibu. Akamwambia kadi yako imetumika vibaya, na ndani ya benki yako kuna mfanyakazi tunamchunguza. Bibi hakuwa mjinga, akasema siwezi kukuamini kwa simu. Yule bwana akamsifu. Akamwambia umefanya vizuri kabisa mama, kata simu, kisha mwenyewe piga namba iliyo nyuma ya kadi yako uulize.

Bibi akakata. Akageuza kadi, akavaa miwani, akapiga namba moja moja. Ikaita, ikapokewa, "benki" ikathibitisha kila kitu.

Kumbe kwa simu za mezani, aliyepiga asipokata upande wake, laini ilikuwa inabaki wazi kwa muda. Yule mtu hakukata. Alikaa kimya, akachezesha mlio wa simu, akamwachia mwenzake apokee. Bibi alipiga namba ya benki yake ndani ya sikio la tapeli. Kampuni za simu zimeshaufupisha muda huo baadaye, lakini wakati ule wengi walilizwa hivyo. Jioni kijana nadhifu akaja mlangoni kuchukua bahasha yenye fedha "kama ushahidi". Bibi alimpa na chai.

Mwana Chumbageni, umesema kwenu ilikuwa uaminifu. Huku ilikuwa tahadhari yake. Alihakikisha, kama tunavyoambiwa wote tuhakikishe, na mlango waliopitia ni huo huo wa kuhakikisha.

---

Kasuku wa Kisauni

Nimesoma hilo la simu mara mbili. Pole dada. Naondoa neno langu kwamba wenye kanuni na wasio na kanuni ni makapu mawili. Windo halijui limekutana na nani mpaka mwisho.

---

Wakili wa Mlandege

Naomba niongeze kesi moja ya Uingereza, inaingia humu vizuri. Robert Hendy-Freegard. Alikuwa mhudumu wa baa, baadaye muuza magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa kwenye baa moja Newport, Shropshire, aliwaambia wanafunzi wa chuo cha kilimo kwamba yeye ni jasusi wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, na kwamba maisha yao yako hatarini kwa sababu ya IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland. Wakaacha chuo. Wakatangatanga nchi nzima kwenye nyumba za "usalama", wakafanya vibarua, mishahara wakampa yeye, familia zao zikatuma pesa. Hili halikuwa la mwezi mmoja. Baadhi yao aliwashika kwa takriban miaka kumi, na alikuwa na wanawake wengine pembeni aliowaahidi ndoa. Polisi wa London na FBI walishirikiana kumtega, akakamatwa 2003 uwanja wa ndege wa Heathrow.

Mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha maisha, kwa utekaji nyara pamoja na wizi na udanganyifu. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikafuta hatia ya utekaji nyara, na kifungo cha maisha kikaanguka nayo. Hoja ya kisheria ilikuwa kwamba utekaji unataka mtu achukuliwe na kunyimwa uhuru wake, na hawa walisafiri wenyewe, kwa uongo ndiyo, lakini kwa miguu yao. Akatoka 2009.

Kisheria naielewa hukumu ile, hata ningekuwa jaji huenda ningefika pale pale. Lakini kila nikiisoma naumia. Wale vijana hawakuahidiwa utajiri wowote. Waliambiwa watakufa. Kilichotumika dhidi yao ni hofu, na kuwapenda wazazi wao.

Na kwa mleta uzi: huku Tanzania kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Miaka miwili ya ukimya haijamfungia shangazi mlango wa polisi. Aende na risiti, aende na jina la mpima, aende na hao wengine wawili waliouziwa. Watatu wana nguvu kuliko mmoja.

---

Zuhura M.

Kaka Mwana Chumbageni, unayoitafuta BBC walishaitengeneza. Agosti 2023, episodi tano tu, The Following Events Are Based on a Pack of Lies, imeandikwa na ndugu wawili, Penelope na Ginny Skinner. Safari hii steringi si tapeli. Steringi ni Alice Newman, ameigizwa na Rebekah Staton, mwanamke wa kawaida anayefanya kazi kwa mbunifu wa mavazi. Miaka kumi na tano nyuma mume wake alitoweka na akiba zao. Siku moja yuko mtaani, anamwona. Yule yule. Sasa anaitwa Dk Rob Chance, mtaalamu wa tabianchi, watu wanamsikiliza mdomo wazi. Aliyemwigiza ni Alistair Petrie. Na tayari ameshaanza kumzunguka Cheryl Harker, mwandishi tajiri aliyefiwa na mume, ameigizwa na Marianne Jean-Baptiste.

Kilichonimaliza ni namna haiba yake inavyoonekana ukiitazama kutoka upande wa Alice. Kwenye Hustle tabasamu la Mickey linakupa raha kwa sababu uko naye upande mmoja wa meza. Huku ni tabasamu lile lile, ila uko na mtu anayejua lina nini nyuma yake, na kila likitokea tumbo linakukaza. Anasikiliza vizuri mno. Anakumbuka mno. Anakupa maneno uliyokuwa na kiu nayo miaka mingi. Na Alice akisema ukweli yeye ndiye anayeonekana amechanganyikiwa, kwa sababu ana hasira na yule bwana ana upole.

Mimi niliolewa na mtu wa namna hiyo, sitasema zaidi. Dada zangu waliniuliza, "hukuona?" Nilichokuwa naona ni mtu aliyekuwa ananichemshia maji ya kuoga kila asubuhi.

---

Kitenge Kimoja

Zuhura, pole dada yangu. Hiyo ya maji ya kuoga na ile chenji ni mkono mmoja.

---

Mwana Chumbageni

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi, nilikuwa safarini Tanga.

Zuhura, nimeitafuta hiyo tamthilia na nimeona episodi mbili. Pale Alice anapomwona mtaani nilisimamisha nikatoka nje kidogo. Kasuku, Hustle sitaifuta, na ile episodi ya mwisho ya 2012 Danny na Stacie wanaporudi bado nitaitazama tena. Lakini nikifika kwenye ile kanuni yao siwezi tena kuitikia.

Wakili, nimekwenda na shangazi. Alitoa maelezo kwa saa mbili, ameshika mkoba wake mapajani muda wote. Mmoja wa wale wawili tumempata, ni mwalimu, naye hakuwahi kumwambia mtu hata mume wake. Kesho tunakwenda naye.

Jana usiku nilimsomea shangazi uzi huu wote. Alisikiliza anachambua mchele. Sikujua kama amekasirika nilivyoyaweka ya kwake hadharani. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza swali moja tu: "Yule bibi wa simu, walimrudishia?"

Mama Rehema, nijibu nimwambie.

---

Mama Rehema UK

Mwambie walimrudishia. Benki ilichukua miezi mitano, nilimwandikia barua tatu kwa mkono wangu, lakini fedha zake zilirudi zote.

Ila simu ya mezani aliomba iondolewe. Mwambie shangazi nimemsalimu sana, na kwamba bibi naye alikuwa anapenda kuchambua kitu mkononi akiwa anawaza. Kwake ilikuwa njegere.